Shukrani kwa Askari ni Haki ya Raia: Jibu kwa Wanaosema Mshahara Unatosha

Katika mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, kama ilivyo katika miji mingi ya mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umeenea mtazamo kwamba raia hana sababu ya kumwandikia askari barua ya kumshukuru. Mtazamo huo husimama juu ya hoja tatu zinazoegemeana. Ya kwanza yasema kwamba askari ameajiriwa na hulipwa, kwa hiyo mshahara wake ndio shukrani yake. Ya pili yasema kwamba jeshi limewatenda raia maovu mengi mno, hata kumsifu askari mmoja ni kuwasafisha wote. Na ya tatu yasema kwamba desturi yenyewe ni ya kigeni, imezaliwa katika nchi zenye posta na amani, na haina mizizi kando ya mto Lualaba. Kila moja ya hoja hizo ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana zimekubalika kwa urahisi. Lakini zikipimwa moja baada ya nyingine zinashindwa kubeba hitimisho linalotwikwa juu yake, na madhara ya kuziamini humwangukia raia kabla ya kumfikia askari.

Ni lazima kwanza ielezwe barua inayozungumzwa ni ipi. Barua ya shukrani, katika maana inayotetewa hapa, ni maandishi mafupi ambayo raia humpelekea askari au kikosi fulani, akijitambulisha yeye ni nani au anaishi wapi, akitaja tendo maalumu alilolishuhudia au lililomfaa, na kukiri kwamba tendo hilo lilikuwa jema. Barua hiyo ni tofauti kabisa na tamko la kuliunga mkono jeshi, ambalo hulisifu jeshi zima bila kutaja tendo lolote, husomwa mbele ya wakuu, na mara nyingi huandaliwa na wakuu haohao. Matamko ya namna hiyo yamekuwa mengi tangu vita ya waasi wa M23 iliporudi, hasa baada ya mji wa Goma kutekwa mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari mwaka huo. Wanaopinga barua za shukrani mara nyingi huwa wanapinga matamko, na katika hilo wana haki. Kosa lao ni kuvichanganya vitu viwili ambavyo havifanani.

Inafaa pia kukiri kwa uwazi kwamba tahadhari ya watu wa Kindu haikutokana na ukosefu wa adabu. Force Publique, yaani jeshi la kikoloni lililopangwa rasmi mwaka 1888, liliundwa ili kuwatiisha wenyeji, na Maniema ililionja mapema katika vita vya 1892 hadi 1894, ambavyo vilivunja nguvu za wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Nyangwe na Kasongo. Uhuru haukuleta utulivu. Mnamo Novemba 1961 Waitalia 13, marubani na wahudumu wa ndege mbili zilizokuwa zikiwapelekea mahitaji askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Malaya, waliuawa mjini Kindu na askari wa Kikongo waliowadhania kuwa mamluki wa Katanga. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji huo, na majeshi ya serikali yakaukomboa Novemba mwaka huohuo. Oktoba 1998 ukaangukia mikononi mwa kundi la waasi la RCD, na kwa miaka kadhaa wakazi wakaishi kati ya wanajeshi waliokuwa ndani ya mji na wapiganaji wa Mai-Mai waliokuwa msituni, mashamba hayafikiki na njia hazipitiki. Mji uliopitia hayo hauwezi kulaumiwa kwa kuitazama bunduki kwa jicho la mashaka, na yeyote anayetetea shukrani kwa askari bila kuitaja historia hiyo hastahili kusikilizwa.

Hoja ya kwanza, kwamba mshahara ndio shukrani, inachanganya madeni mawili yenye wadeni tofauti. Mshahara ni deni la dola, na dola hulilipa kwa fedha kwa sababu imeuchukua muda na nguvu za mtu. Shukrani ni deni la yule aliyefaidika, na hakuna hazina ya serikali inayoweza kumlipia. Wazazi wa Kindu wanalielewa jambo hili vizuri katika shule, ambako kwa miaka mingi walikuwa wakimchangia mwalimu fedha mikononi mwake, na bado hakuna mzazi aliyesema kwamba mchango huo ulimkataza kumshukuru mwalimu aliyemfundisha mtoto wake kusoma. Kazi ya askari ina sababu zaidi ya kutenganisha madeni hayo, kwa kuwa mkataba wake unamtaka awe tayari kupoteza uhai, na hakuna kiwango cha fedha kinachoweza kuitwa bei halali ya uhai huo.

Zaidi ya hayo, hoja ya mshahara inachukulia kwamba mshahara umelipwa. Historia ya malipo ya jeshi la Kongo inaonyesha vingine. Kabla ya mageuzi yaliyosaidiwa na ujumbe wa Umoja wa Ulaya uliojulikana kama EUSEC, ambao ulifanya kazi nchini kuanzia 2005 hadi 2016, fedha za askari zilipita mikononi mwa makamanda walewale waliowaamuru vitani, na kamanda aliyetangaza askari wengi kuliko aliokuwa nao alibaki na fungu la askari hewa, yaani majina yaliyo kwenye orodha bila watu. Msingi wa mageuzi hayo ulikuwa kutenganisha ngazi za amri na ngazi za malipo, ili anayeamuru asiwe ndiye anayegawa fedha. Askari wakahesabiwa upya, wakapewa vitambulisho vyenye alama za vidole, na baadaye wengi wao wakaanza kulipwa kwa njia ya benki. Machi 2025 serikali ilitangaza kuongeza maradufu mishahara ya wanajeshi na polisi, na tangazo hilo peke yake ni ungamo kwamba mishahara iliyotangulia haikutosha.

Jambo ambalo wanaosema "analipwa" hawalioni ni kwamba wizi wa mishahara ulikuwa na rafiki mkubwa, na rafiki huyo ni ukimya kati ya raia na askari. Raia asiyewahi kubadilishana neno na askari isipokuwa kwenye kizuizi cha barabarani hawezi kujua kama mshahara umefika au haukufika, kama mgao wa chakula umeliwa njiani, kama mjane aliyeko kambini amepewa chochote baada ya mumewe kufa. Anachokijua ni mkono ulionyoshwa kudai fedha, na kwa kuwa hajui aliyeuacha mkono huo mtupu, humlaumu mwenye mkono na kumsahau mwenye mfuko uliojaa. Barua ikienda, jibu huweza kurudi, na jibu la askari kwa raia aliyemwandikia kwa heshima ni taarifa ambayo hakuna kamanda mla rushwa anayependa isambae. Kwa maana hiyo shukrani haiondoi dai la mshahara; inalipatia dai hilo mashahidi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na inapaswa kuelezwa kwa nguvu zake zote kabla ya kujibiwa. Inasema kwamba jeshi ambalo baadhi ya askari wake waliwabaka wanawake wa Minova mnamo Novemba 2012, walipokuwa wakikimbia kutoka Goma, na ambalo kesi yake ya mwaka 2014 ilimalizika kwa askari wachache mno kupatikana na hatia ya ubakaji, haliwezi kuandikiwa barua za shukrani bila kuwatukana waliodhulumiwa. Mwenye hoja hii anaongozwa na uaminifu kwa wahanga, na uaminifu huo ni jambo la kuheshimiwa. Hata hivyo, njia anayoichagua inawadhuru wahanga haohao anaotaka kuwatetea.

Sababu ni kwamba haki ya jinai humtafuta mtu na tendo lake. Haimtafuti "askari" kwa ujumla. Lawama inaposambazwa juu ya jeshi zima, kila mkosaji hupata kivuli cha kujifichia, na aliyefanya hujitetea kwa kusema kwamba wote ndivyo walivyo. Hakimu wa kijeshi anayeambiwa kwamba jeshi lote ni la wezi hana cha kuandika katika hukumu. Anayeambiwa kwamba kikosi fulani, siku fulani, katika kijiji fulani, kilifanya jambo fulani, ana mahali pa kuanzia. Desturi ya kushukuru kwa kutaja tendo, mahali na kikosi ni desturi ileile inayohitajika ili kushtaki kwa kutaja tendo, mahali na kikosi. Raia aliyezoea kuandika kwamba kikosi hiki kilipita mashambani bila kuchuma hata muhogo mmoja, amejifunza pia kuandika kwamba kile kilichokuja baada yake kilibeba mbuzi wote. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kanuni hiyo ni ya kisheria kabla ya kuwa ya huruma, kwa kuwa aliyenyimwa sifa aliyoistahili hana tena sababu ya kuogopa lawama.

Watu wa mashariki ya Kongo wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kutofautisha. Mwaka 2013 wakazi wa Goma, ambao walikuwa na kila sababu ya kulichukia jeshi baada ya kuachwa mikononi mwa M23 mwezi Novemba wa mwaka uliotangulia, walimpenda hadharani Kanali Mamadou Ndala, kamanda aliyeonekana mstari wa mbele pamoja na askari wake, na uvumi kwamba angeondolewa ulipoenea wakaingia barabarani kupinga. Hawakuwa wamesahau maovu ya jeshi. Walikuwa wamemwona mtu mmoja akitenda tofauti, wakamtambua. Alipouawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, hisia hiyo ya umma iligeuka kuwa dai la kujua ukweli, na Novemba mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ilimpata na hatia afisa wa jeshi hilohilo alilolitumikia. Iwapo hukumu hiyo ilimaliza maswali yote au la, jambo moja liko wazi: kifo cha kamanda ambaye raia hawamjui kingeweza kupita kimya, na kifo cha yule waliyemshukuru hakikupita.

Sheria ya nchi nayo iko upande huu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 188, inatamka kwamba majeshi ni ya jamhuri, yanalitumikia taifa zima, hayana chama, na yako chini ya mamlaka ya kiraia. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongo, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kuiandikia mamlaka ya umma ombi au malalamiko, kinaitaka mamlaka hiyo ijibu ndani ya miezi mitatu, na kinakataza mtu kushtakiwa kwa kuchukua hatua hiyo. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, maana yake ni kwamba uhusiano wa raia na jeshi unaweza kuwa uhusiano wa maandishi, wenye tarehe, sahihi na jibu. Barua ya shukrani haijatajwa humo, lakini ni ndugu wa barua ya malalamiko, na mwenye haki ya kuandika ya pili hawezi kuambiwa kwamba ya kwanza ni utumwa.

Hoja ya tatu, ile ya ugeni, inaanguka mbele ya historia ya Maniema yenyewe. Ni kweli kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza wanawake wa Ufaransa na Ubelgiji walijipanga kuwaandikia askari ambao familia zao zilikuwa zimebaki katika maeneo yaliyotekwa na Wajerumani, na kwamba desturi hiyo iliwapa wengi wao ndugu wa barua waliokuwa hawajawahi kuwaona. Lakini barua kwa Kiswahili katika Maniema ni ya zamani kuliko dola ya kikoloni: katika karne ya 19 wafanyabiashara na makarani wa Nyangwe na Kasongo waliandikiana kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na sehemu ya nyaraka za aina hiyo kutoka mashariki ya Kongo imehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji. Jimbo ambalo lilikuwa likiandika barua kabla ya kuwa na posta haliwezi kusema kwamba barua ni kitu cha wengine.

Kwamba posta ya leo ni dhaifu ni kweli, wala si kikwazo kipya. Watu wa Kindu hutuma barua kwa mkono wa msafiri, kwa treni ya kusini inapofanya kazi, kwa mtumbwi, kwa pikipiki, kwa ndege na kwa simu. Na tangu 2002 Radio Okapi imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili na Kilingala pamoja na lugha nyingine kubwa za nchi, jambo linaloonyesha kwamba maneno ya raia yanaweza kuvuka mpaka wa lugha kati ya mashariki inayosema Kiswahili na jeshi ambalo tangu enzi ya Force Publique limezoea Kilingala. Kambi ya Lwama iko papo hapo Kindu, na huko Wabelgiji waliwafundisha askari wa vikosi vya kuingilia kati haraka. Askari waliotoka humo wakaenda mbali wana wake, watoto na majirani waliobaki mjini. Anwani, basi, haikosekani.

Historia ya Maniema ina onyo jingine kuhusu gharama ya kutoandika. Katika kampeni ya 1916 ya Vita Kuu ya Kwanza, ambayo ilimalizika kwa majeshi ya Kikongo chini ya maafisa wa Kibelgiji kuingia Tabora tarehe 19 Septemba, mzigo wa vita uliwalemea wapagazi, yaani wanaume waliochukuliwa kwa nguvu vijijini ili kubeba risasi na chakula vichwani, na kati yao wakiwamo watu wengi wa Maniema. Makadirio yanayotajwa na wanahistoria hufikia wapagazi 260,000 kwa vita nzima, na maelfu kwa maelfu kati yao hawakurudi. Sehemu kubwa ya majina yao haijulikani. Waitalia 13 waliouawa Kindu wana kaburi la heshima huko Pisa na barabara zinazobeba jina la Kindu katika miji ya Italia, kwa sababu taifa lao liliwahesabu mmoja mmoja. Wapagazi hawakuhesabiwa hivyo na dola iliyowachukua. Na Albert Kunyuku, mkongwe aliyehudumu Burma katika Vita Kuu ya Pili, alipewa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa Juni 2022, akiwa na umri wa miaka 100, wakati wenzake karibu wote wameshakufa. Shukrani zilizoachwa mikononi mwa dola peke yake huchelewa kwa miaka zaidi ya 75, na kwa wengi haziji kabisa.

Ipo hatari moja ambayo wapinzani wa barua hizi wanaitaja kwa haki, nayo ni kwamba shukrani inaweza kutekwa. Wazee wanaikumbuka enzi ya Mobutu, ambapo nyimbo na ngoma za kumsifu kiongozi zilikuwa wajibu na anayenyamaza alitiliwa shaka. Mwalimu akiwaandikia wanafunzi ubaoni barua moja ya kunakili, afisa akidai idadi ya barua kutoka kila mtaa, au mgombea akizisoma mkutanoni kana kwamba zimeandikwa kwa ajili yake, basi jambo lote limeharibika, na ni heri lisiwepo. Dawa ya hatari hiyo imo ndani ya maana iliyotolewa mwanzo: pasipo tendo pasiwe na barua, na pasipo hiari pasiwe na barua. Kanuni hiyohiyo inajibu swali la Wazalendo, yaani wapiganaji wa kujitolea ambao tangu 2023 sheria imewafungulia njia ya kuwa akiba ya ulinzi. Jina la uzalendo halimpi mtu shukrani wala halimnyimi, tendo lake kwa raia ndilo linaloamua. Aidha, barua isitaje mahali kikosi kilipo wala kinakoelekea, kwa kuwa shukrani inayomwongoza adui si shukrani.

Wanaofaa kuibeba desturi hii ni wale wasiopata cheo kutokana nayo: parokia na misikiti, ambayo tayari ina makasisi na maimamu wanaolihudumia jeshi, vyama vya wanawake wa sokoni, ambao ndio wanaoujua mwenendo wa askari kabla ya yeyote mwingine, na walimu watakaofundisha darasani namna ya kuandika barua mbili, ya shukrani na ya malalamiko, kwa usahihi uleule wa tarehe, mahali na tendo. Nakala ya barua ya kwanza iende kwa askari na kwa kamanda wake, ili tendo jema lihesabiwe siku ya kupandishwa cheo. Nakala ya barua ya pili iende kwa kamanda huyohuyo na kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi, ili dhuluma isipotee. Mjane na askari aliyekatwa mguu wapate barua hata pale ambapo vita imeshasahauliwa, na barua yao iandamane na swali kwa wahusika kuhusu malipo wanayodai.

Raia wa Kindu ameambiwa kwa zaidi ya karne moja kwamba jeshi ni la wengine: la mfalme, la chama, la kundi lililoshika mji. Mtazamo unaomkataza kushukuru unamrudisha palepale, kwa kuwa unakubali kwamba askari ana mwajiri lakini hana wananchi. Anayeandika "kikosi chenu kilitulinda, nasi tumeona" anatamka kwamba yeye ni miongoni mwa wenye jeshi hilo, na mwenye kitu ana haki ya kukisifu, kukikemea na kukidai hesabu. Haki hizo tatu hazigawanyiki. Watu wa Maniema wanaozitaka mbili za mwisho hawana budi kuanza kuitumia ya kwanza.